Wewe ni Mnunuzi Mzoefu wa Samaki

Nimeishi Ngamiani, hapa Tanga, miaka yangu yote 47 kwa maneno nusunusu, na mambo yakaenda. Kwa muuza kahawa nanyoosha vidole viwili tu, naletewa vikombe viwili na kashata. Kazini bosi akisema "yale ya jana", nafungua mlango wa marobota ya mkonge. Sasa mpwa wangu kaniwekea kwenye simu mtu asiyejua hata "yale ya jana" ni yapi.

Anaitwa akili mnemba. Kuna kampuni ilikuwa inatafuta msimamizi wa stoo, upande wa Chongoleani kule linakoishia bomba la mafuta kutoka Hoima. Nikamwambia huyo bwana kama ninavyomwambia binadamu: niandikie barua ya kazi. Kufumba na kufumbua, barua hiyo, Kiingereza kimenyooka kama reli ya Moshi! Nikaituma bila kuimaliza kuisoma, maana ilikuwa ndefu na nilidhani ndiyo uzito wake. Kesho yake simu ikaita, mama mmoja anauliza kwa upole: "Samahani, naongea na Bwana Andika Jina Lako Hapa?"

Mpwa akacheka hadi akakaa chini. "Mjomba, humwelezi! Mwambie wewe nani, barua inakwenda kwa nani, iwe na urefu gani."

"Kwani nikienda kwa fundi cherehani namsomea nasaba?"

"Fundi ana futi, anakupima. Huyu hana. Vipimo umpe wewe."

Haya. Nikampa. Nimekaa ghala la mkonge miaka 19. Najua robota la kilo 250 lipangwe wapi lisile unyevu. Singa za daraja la UG na za 3L nazitofautisha gizani kwa kugusa. Kiingereza changu ni cha darasa la saba. Usinipe digrii nisiyo nayo. Ukurasa mmoja. Kisha niulize maswali ya usaili, moja moja, nikikosea nisahihishe kwa Kiswahili.

Hapo, siwezi kuficha, akawa mtu wa maana. Akaniuliza hesabu ya stoo isipolingana na daftari nafanyaje. Nikajibu mistari ishirini. Akaniambia jibu zima nimewataja wenzangu, sijasema mimi mwenyewe nilifanya nini. Nikanuna. Lakini kweli.

Kinachoniudhi ni sifa. Kila nikiuliza: "Swali zuri sana!" Nimeuliza leo siku gani, swali zuri sana. Nikamwandikia: acha kunisifu. "Ombi zuri sana!"

Nikaona nimtege. Nani alileta mkonge? Akanitajia Mzungu sijapata kumsikia, mwaka 1908. Mtu wa Tanga umdanganye mkonge! Ni Hindorf, Mjerumani, mwaka 1893, miche elfu moja kutoka Florida, iliyofika hai 62. Nilipomkosoa akaomba radhi kama mtoto wa chuoni aliyekamatwa na embe. Mpwa anasema mashine inapanga tu neno linaloelekea kufuata neno, pakiwa na pengo inaziba, kwa hiyo umwambie: kama hujui, sema hujui. Tangu lini mtu akaulizwa njia mjini akasema hajui?

Kumbe Mama Zuhura ananisikia, maana mimi huandika kwa sauti. "Hilo libati unalieleza kinagaubaga," akasema. "Mimi miaka 22 hujanieleza unarudi saa ngapi."

Asubuhi kanipa karatasi: "Wewe ni mnunuzi mzoefu wa samaki. Nenda Sahare. Leta changu wawili, macho maangavu, mashavu mekundu, wasizidi shilingi 15,000. Usilete vibua. Ukikosa sema umekosa, usibuni."

Changu hawakuwepo.

Nikaleta vibua, nikamwambia hawa ni changu wa upepo wa kusi.