"Data Zitatolewa kwa Atakayeomba"

Sentensi hiyo huwekwa mwishoni mwa makala nyingi za sayansi ya jamii, na mimi siiamini tena. Mwaka 2006 watafiti wa saikolojia nchini Uholanzi walieleza jinsi walivyoijaribu ahadi ya aina hiyo: waliwaandikia waandishi wa makala 141, ambao tayari walikuwa wametia saini kwamba watawapa wenzao data wakiombwa. Asilimia 73 hawakuzitoa.

Wala si uchoyo siku zote. Mtu amehama chuo, kompyuta imekufa, msaidizi aliyejua faili liko wapi amepata kazi kwingine. Ndiyo maana data haifai kuachwa mikononi mwa mtu mmoja. Hifadhi za data kama ICPSR ya Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1962, au ile ya Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, ya mwaka 1967, hudumu hata mtafiti akistaafu au akifariki.

Ila kukabidhi faili la data bila maelezo ni kumtwisha mwenzako mzigo. Fungua jedwali: safu imeandikwa Q17b, chini yake 1, 2, 2, 8, 1. Hiyo 8 ni "sijui" au "amekataa kujibu"? Kwenye safu ya umri kuna 99. Ni bibi wa miaka 99, au ni alama ya jibu lililokosekana? Asiye na dodoso na maelezo ya misimbo atapiga wastani na kupata jamii iliyojaa wazee. (Na hapo hatujagusa namna sampuli ilivyochaguliwa.) Tena dodoso liwekwe katika kila lugha iliyotumika kuhoji, maana hayo ndiyo maneno ambayo mhojiwa aliyasikia.

Wapo wanaokataa kutoa data ili kulinda siri za wahojiwa, na hoja hiyo naiheshimu. Kufuta majina hakutoshi: mwaka 2000 Latanya Sweeney, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alikadiria kwamba asilimia 87 ya Wamarekani huenda wangetambulika kwa msimbo wa posta, jinsia na tarehe ya kuzaliwa tu. Lakini dawa ipo: tarehe igeuzwe kundi la umri, kijiji kifichwe ndani ya mkoa, na yaliyo nyeti yasomwe kwa kibali maalumu. Anayeng'ang'ania usiri huku faili lenye majina analo kwenye flashi isiyo na nywila, huyo simwelewi.

Kinachoniudhi zaidi ni fomu ya ridhaa, ile anayosomewa mhojiwa kabla ya kukubali kuhojiwa. "Majibu yako hayataonwa na yeyote nje ya timu yetu, na yatateketezwa baada ya miaka 5." Nani alidai hayo? Mara nyingi yamenakiliwa tu kutoka mradi uliopita, na mhojiwa akishasomewa hivyo, hifadhi haina la kupokea hata mtafiti akibadili nia. Iandikwe kwamba majibu, baada ya kuondolewa yanayomtambulisha mtu, yatahifadhiwa na kutumiwa na watafiti wengine. Kisha mhojiwa aachwe akubali au akatae mwenyewe.