Darasa Zima Likifeli, Ipime Kwanza Karatasi

Tuseme wanafunzi 60 wa kidato cha tatu wamefanya jaribio la Kemia na 41 kati yao wako chini ya asilimia 30. Walimu wengi hapo hushika moja ya njia mbili: kuwagombeza, au kumwongezea kila mmoja maksi kumi. Njia zote mbili zinamwacha mwalimu gizani, hajui kilichoharibika ni nini. Msimamo wangu ni kwamba karatasi hizo zisirudishwe siku hiyo. Hakuna aliyewahi kuugua kwa kusubiri maksi siku mbili, ingawa mwalimu wa taaluma anaweza kununa.

Zipange kuanzia maksi za juu hadi za chini. Chukua 15 za juu na 15 za chini, kisha hesabu kwa kila swali wamepata wangapi. Swali walilopata 12 wa juu na 4 wa chini ni zima, linachuja inavyotakiwa. Wakilipata 3 wa juu na 2 wa chini tu, ama mada haikufundishwa ikaeleweka, ama swali lenyewe limeandikwa vibaya. Wa chini wakilipata wengi kuliko wa juu, rudi kwenye mwongozo wako wa kusahihishia. Huenda herufi ya jibu imekosewa, au wale wanaojua zaidi wameona maana ya pili ambayo mtunzi hakuiona.

Ukishalijua swali bovu, acha kuhesabu alama za vema, anza kusoma makosa. Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo wengi hawafiki. Chukua swali hili: ni ujazo gani wa asidi ya HCl ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) unaomenyuka kikamilifu na sentimita za ujazo 25 za kaboneti ya sodiamu, Na₂CO₃, ya 0.1 M? Jibu ni 50, kwa sababu moli moja ya kaboneti inataka moli mbili za asidi. Walioandika 25 wanajua kukokotoa, ila hawakuandika mlinganyo, wakachukulia uwiano ni moja kwa moja. Walioandika 12.5 wameuona uwiano wakaugeuza. Mwenye 2.5 amechanganya moli na ujazo, na huyo ndiye anayehitaji kuanzishwa upya. Kama darasa limejaa 25, usirudie mada nzima: dakika kumi za kusawazisha milinganyo zinatosha. Majibu yakitawanyika kila upande, hapo kweli kipindi cha dakika 80 kinahusika.

Kuna na suala la lugha, maana mtihani ni wa Kiingereza na wengi wamesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba. Waite watatu waliolikosa, uwaulize swali lilelile kwa mdomo, kwa Kiswahili. Wakilijibu, kilichowaangusha ni Kiingereza cha mtunzi.

Kosa likigundulika mtihani ukiendelea, liandike sahihi ubaoni kwa maneno yaleyale katika mikondo yote, na uongeze dakika tano kwa wote. Likigundulika baada ya kukusanya, mimi ni wa kulifuta. Swali lilikuwa la maksi 6 kati ya 50? Sahihisha juu ya 44. Desturi ya kumpa kila mtu zile 6 inaonekana ya huruma, lakini ipigie hesabu: mwenye 10 kati ya 44 ana asilimia 23, yaani F. Mpe 6 za bure anakuwa na 16 kati ya 50, asilimia 32, amepanda D bila kujua kitu kipya. Nakubali kwamba kulifuta hakumrudishii muda yule aliyelihangaikia dakika kumi na tano. Hakuna dawa kamili hapo.

Maabara nayo ina namna yake ya kuaibisha. Mwalimu amepima gramu 4 za NaOH (alkali) kwa lita moja, akitarajia bureti, mrija wa kudondoshea asidi ya HCl ya 0.1 M, isome 25 kwa pipeti ya 25 ya NaOH hiyo. Darasa zima linasoma 22. Watoto hawana kosa. Chembe za NaOH hunyonya unyevu wa hewani, na chupa iliyofunguliwa muhula uliopita ina gramu 4 ambazo sehemu yake ni maji. Mwalimu aliyejaribu mwenyewe kabla ya kipindi angeliona hilo, akasahihisha kwa 22 yake. Vipimo vikitofautiana, huyu 21, yule 26, sasa tazama mikono yao: bureti iliyosuuzwa kwa maji matupu bila kumaliziwa kwa asidi, ncha yenye kiputo cha hewa, au flaski iliyosuuzwa kwa NaOH badala ya maji safi.

Andalio la somo lina nafasi ya tathmini na maoni, ambayo mara nyingi hujazwa "wanafunzi wameelewa" kabla hata kengele haijalia. Afadhali iandikwe hivi: "3B, swali la 4: 38 kati ya 60 hawakuandika mlinganyo. Dakika 10 Jumatano, kisha maswali mawili mapya ya uwiano wa 1:2."