Babu Anauzwa 40,000

Mwalimu alipomaliza kusoma, karanga zilikuwa bado za moto mkononi mwake. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa, akasoma tena, safari hii kwa sauti ile ile aliyokuwa akitolea imla skuli kabla hajastaafu: "Babu wa bao. Mwendo 3. Nguvu 2. Kasoro: hasikii la mtu. Bei, 40,000."

Baraza nzima ikanyamaza. Babu alikuwa anatakata baoni, kete zimemjaa kiganjani. Mkono ukabaki hewani.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Binamu yangu anayeishi London alikuja likizo na sanduku la mchezo uitwao Blood Bowl. Siku ya kurudi mabegi yakamzidi uzito kwa ajili ya mabungo na halua, sanduku likabaki kwetu Kikwajuni, Unguja. Ni mchezo wa mezani wa Kiingereza, ulitoka mara ya kwanza 1986. Chukua mpira wa Wamarekani, ule wa kubeba mkononi na kuangushana, halafu wachezaji wawe mazimwi, vibwengo, majitu na maiti waliofufuka. Ubao una vyumba 26 kwa 15, kila upande unaingiza wachezaji 11, kila kipindi kina zamu 8. Refa yupo, lakini anahongeka, na kuhongeka kwake kumeandikwa ndani ya sheria. Ukimvamia mwenzio dadu ikakugeukia, unaanguka wewe, na zamu ya timu nzima inakufa hapo hapo.

Timu za kitabuni ni nyingi, lakini wenye mchezo wao hawatosheki, hupenda kutunga za kwao. Na mimi, fundi simu ambaye siku nyingine wateja ni wawili tangu asubuhi, muda ninao. Nikanunua daftari.

Kutunga timu watu wanadhani ni kuota tu: huyu ana mbawa, yule anatema moto. Thubutu! Unapewa vipande 1,000,000 vya dhahabu, basi, ujipange. Pishi ya kupimia ni mchezaji wa kawaida wa timu ya binadamu: mwendo 6, nguvu 3, bei 50,000. Kila unayemtunga unampima kwa huyo. Ukimzidishia uwezo, bei inapanda. Ukimtia kasoro, inashuka. Na utamu wote uko kwenye kasoro. Kuna zimwi linaloweza kumrusha mwenzake mdogo hewani na mpira wake mkononi, ila ni lenye njaa ya milele, mara nyingine badala ya kumrusha linamtia mdomoni. Kuna jitu ambalo kabla ya kufanya lolote linarushiwa dadu, ikija 1 linasahau lilikuwa linataka nini, linabaki limesimama.

Niliposoma la huyo wa kusahau nikacheka peke yangu, maana dirisha la kibanda changu linatazama barazani na Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya njia, kikombe mkononi, anajiuliza alikuwa anakwenda wapi.

Basi timu ikajitunga yenyewe. Mwalimu nikampa dadu ya kusahau. Fundi cherehani nikamwandikia mikono thabiti, mpira haumponyoki, 80,000, lakini nikamtungia kasoro mpya kabisa iitwayo Njoo Kesho: ukimwomba pasi, rusha dadu, ikija 1 mpaka 3 anakwambia bado kutia vifungo. Hamali wa Malindi ya hapa Unguja, mtu wa kubeba magunia mawili kama mito, nguvu 5, njaa ya milele, 115,000. Muuza kahawa sikumtia uwanjani. Timu ya Halfling, yaani vijitu vifupi, hukodi mpishi mkuu ambaye kwa mapishi yake anawapokonya wapinzani nafasi za kurudia dadu. Nikaona kama kuna mtu duniani anayeweza kumpokonya mtu akili kwa kikombe kimoja cha kahawa chungu, ni yule.

Na Babu. Babu kwenye bao hana mpinzani kuanzia kwetu mpaka Michenzani, anaona kete zote 64 kama anavyoona vidole vyake. Lakini mpira? Nikampa 40,000, na niliona nimemfanyia hisani.

Rasimu zilipokuwa safi nikazihamishia kwenye karatasi nzuri, daftari nikalitupa juu ya kabati. Mama anafagia kila Alkhamisi. Alkhamisi hiyo akakusanya madaftari yote ya zamani ya wadogo zangu, na langu ndani yake, akampa mtoto wa karanga achanie vifungashio. Sadaka, akasema.

Mtoto wa karanga anauza wapi? Barazani kwetu. Kila mzee akajinunulia pakiti ya mia mbili, na kila mzee akakuta ndani, chini ya karanga, kasoro za jirani yake.

Nilitaka kukimbia, lakini Babu akasema, "Kijana, njoo." Nikaenda, nikachutama chini kama mtuhumiwa. Nikaeleza mchezo, London, mazimwi, dhahabu, nikaomba radhi kwa kila mmoja na kwa wazee wake waliotangulia. Nikamaliza. Kimya.

"Sikiliza," Babu akasema. "Hilo la hasikii la mtu, sawa, mke wangu Mungu amrehemu alikuwa akilisema. Ninachouliza mimi ni kimoja. Huyu," akamwonesha fundi kwa kidevu, "huyu 80,000 kwa lipi?"

Hapo ndipo nilipojua kesi si ile niliyoidhani.

"Mikono thabiti," nikajibu.

"Thabiti! Kanzu yangu ya Idi nilimpelekea Rajabu. Hivi sasa Mfungo Sita, watu wanasoma maulidi, kanzu bado iko kwake!"

"Naitia darizi," fundi akasema.

"Unaitia kutu."

Wakaanza wote. Mwalimu hakubali kuwa chini ya hamali, kwani yeye ana cheti. Hamali alikuwa ameshamaliza karanga zake na za aliyekaa karibu naye, akataka nguvu 6. Babu akadai nguvu 4 na bei ya juu ya fundi, hata kwa elfu kumi, ili mradi juu. Mimi naandika tu. Nilipojumlisha, watu 11 wakafika 1,480,000.

"Haiwezekani," nikasema. "Mwisho milioni moja. Tupunguze. Au kila mtu akubali kasoro nyengine."

Hakuna aliyekuwa na kasoro. Wallahi nimezunguka baraza ile mtu mmoja mmoja, nimekuta malaika watupu. Ila nilipouliza wa pembeni yako ana nini, kalamu haikupata pumzi. Huyu anakoroma kwenye hotuba ya Ijumaa. Huyu akishindwa dhumna anasema jua lilimpiga machoni, na dhumna ilichezwa usiku. Yule hapendi kulipa. Yule anapenda kulipa lakini kila siku kesho. Kila kasoro naipa bei, naitoa. Kabla ya adhana ya magharibi timu ilikuwa imeporomoka mpaka 700,000, na mimi najua mambo ya mtaa ambayo sikutaka kuyajua.

Tukawa na 300,000 za kutumia. Mpishi 100,000, yaani muuza kahawa, na hilo lilipita bila mjadala kwa kuwa ndiye aliyekuwa anatukopesha. Nafasi 3 za kurudia dadu, kila moja 60,000. Zikabaki 20,000. Tabibu wa timu anauzwa 50,000.

"Tumtoe mpishi tuchukue tabibu," nikashauri.

"Tabibu wa nini?" Mwalimu akaniuliza. "Sisi watu wazima."

Mechi tuliipanga Jumamosi baada ya alasiri, ubao juu ya kigoda pembeni ya bao. Wachezaji wetu walikuwa vifuniko vya soda, kila kimoja kimebandikwa karatasi. Mwenzangu wa dukani akaja na yale majitu ya kijani ya sandukuni, nguvu 4 kila moja, yamepakwa rangi vizuri mpaka nikaona haya.

Zamu ya kwanza, kabla sijagusa kitu, Babu akanyoosha mkono. Anataka kujichezesha mwenyewe. Nikamwambia Babu, tuanze na walio salama, wapigaji mwisho, maana ukianguka wewe zamu imekwisha. Hasikii la mtu. Akasukuma kifuniko chake mpaka puani mwa jitu. Nguvu 4 kwa 4, dadu moja.

Akarusha. Fuvu. Ameanguka yeye.

"Tunayo marudio!" fundi akapiga kelele. "Matatu!"

Tunayo. Lakini ile kasoro yake niliitungia sheria: mtu asiyesikia la mtu hatumii marudio ya timu mpaka kwanza apate 4 au zaidi. Babu akatikisa dadu mkononi kwa muda mrefu, akisoma kitu kimoyomoyo. Ikaja 2.

Mwenzangu akarushia deraya: 11, imepasuka. Akarushia jeraha: 11 tena, katolewa nje. Akachukua ile dadu ya pande 16, inayosema umeumia kiasi gani. Ikabingirika, ikagonga ukingo wa bao, ikasimama.

16.

"Maana yake nini?" Babu akauliza.

Hakuna aliyetaka kusema. Mwisho hamali, mdomo umejaa, akasema, "Umekufa, Babu."

Babu akakitazama kifuniko chake. Akakitia mfukoni, akavaa makubadhi, akaondoka. Zamu ya kwanza ya 16. Hatukuendelea.

Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa. Bao likakaa na vumbi, mtaa mzima ukinitazama kama nimeua kweli. Mama akanipelekea chakula kibandani ili nisipite barazani. Siku ya tatu, baada ya alasiri, tukamwona anakuja taratibu, mwendo 3, akakaa mahali pake. Muuza kahawa akamimina, akasita, "Maiti wanakunywa?" Watu wakaangalia chini wasicheke.

Mara fundi cherehani akatoka mbio kwake, kanzu imekunjwa mkononi, darizi shingoni, vifungo vyote. Akamwekea Babu magotini.

"Sikulala," fundi akasema. "Nilijiuliza, huyu mzee akifa kweli na kanzu yake iko kwangu, huko mbele nitakwenda kujibu nini?"

Babu akaikunjua, akaipima mabegani, akaitazama darizi kwa jua. Kisha akanigeukia.

"Kijana, utie ule ubao. Nife tena. Kuna na suruali."