Bwana Harusi Aliyeitwa Fundi Cherehani

Siku ya harusi yake, Naushad Ali, mtunzi wa muziki wa filamu za Kihindi, alikaa kimya huku matarumbeta yakipiga nyimbo alizotunga mwenyewe. Zilikuwa za filamu ya Rattan ya mwaka 1944, na India ya kaskazini zilikuwa midomoni mwa kila mtu. Wakwe zake hawakujua. Waliambiwa wanaoza binti yao kwa fundi cherehani wa Mumbai, maana mwanamuziki hakuwa mtu wa kupewa mke na watu wa heshima.

Sisi wa Pwani hatuhitaji kufafanuliwa kisa hicho. Ni nyumba ngapi zinazokesha na taarab, halafu mpiga udi akija kuposa anaulizwa, "Kazi yako hasa ni nini?"

Naushad alizaliwa Lucknow mwaka 1919. Utotoni alitengeneza harmoniamu mbovu dukani, mpaka baba yake akamwekea sharti: nyumba au muziki. Mwaka 1937 alikuwa Mumbai, analala kando ya barabara mtaa wa Dadar, ng'ambo ya jumba la sinema la Broadway. Miaka 15 baadaye, Baiju Bawra, filamu yenye muziki wake, ilizinduliwa katika jumba hilo hilo. Barabara moja tu, na kuivuka kulimchukua muda wote huo.

Sasa niseme linalonikera. Akitajwa Naushad, watu hukimbilia filamu ya Mughal-e-Azam ya 1960: kwaya ya watu 100 nyuma ya mwimbaji Mohammed Rafi, na rupia 25,000 alizolipwa Ustad Bade Ghulam Ali Khan, bingwa wa uimbaji wa jadi, kwa wimbo mmoja, wakati nyota wa nyimbo za filamu, Lata Mangeshkar na Rafi, walikuwa hawafiki hata 500. Ustadh hakutaka mambo ya filamu. Alitaja bei hiyo ili wamwondokee, mwongozaji K. Asif akakubali palepale. Kisa kitamu, lakini ni kisa cha pesa.

Mimi nabaki na Baiju Bawra. Naushad hakuwa wa kwanza kutia raga, yaani mahadhi ya muziki wa jadi wa India, katika filamu, ila hapa alizimwaga karibu kila wimbo. Aliwaita mabingwa wawili, Amir Khan na D. V. Paluskar, waimbe lile shindano la waimbaji wawili wa filamu hiyo, Tansen na Baiju. Kisha akampa Rafi mahadhi ambayo muuza chai aliweza kuyavumisha njia nzima bila kujua kwamba anaimba raga ya Malkauns. Wimbo wenyewe ni Man Tarpat Hari Darshan, dua ya Mhindu anayetamani kumwona Mungu wake. Mashairi ni ya Shakeel Badayuni, mahadhi ya Naushad, sauti ya Rafi. Wote watatu Waislamu, na ni miaka mitano tu tangu India na Pakistan zigawanywe kwa damu.

Jarida la filamu la Filmfare lilipoanza kutoa tuzo mwaka 1954, ile ya muziki ilikwenda kwake kwa filamu hiyo. Hakuipata tena. Hata Mughal-e-Azam ilipitwa na kazi ya watunzi Shankar-Jaikishan. Hao wawili nawapenda, lakini uamuzi ule sijaumeza mpaka leo.

Wako wanaosema dunia ilimwacha. Ni kweli, miaka ya 1970 masikio yalihamia kwa watunzi akina R. D. Burman na magitaa yao, naye hakuwafuata. Alitunga muziki wa filamu kama 65 tu maisha yake yote, wakati wenzake walitunga mamia. Ningependa kudai kuwa uchache huo ulimlinda, lakini baadhi ya kazi zake za baadaye zinanichosha. Ya mwisho, Taj Mahal, ilitoka mwaka 2005 akiwa na miaka 85. Mei iliyofuata akafariki.

Mama yangu alikuwa akivumisha Man Tarpat akichambua mchele. Kihindi hakujua hata neno, aliyaokota mahadhi sinema enzi za usichana wake. Siku nilipomwambia kuwa ile ni dua ya Wahindu, alinyamaza kidogo, akatoa kijiwe kimoja kwenye ungo, kisha akaendelea pale alipoishia.