Mkataba wa barabara usomwe kabla tingatinga hazijafika Salgaa

Hapa Nakuru ukianza tu kuuliza maswali juu ya mkataba wa kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit kuna watu wanakukata maneno kabla hujamaliza, wanakwambia wacha ijengwe, tumechoka kungoja. Na siwalaumu hata kidogo. Mzigo mwingi wa kwenda Kisumu, Busia, Malaba hadi Uganda unapita hapa, malori yamejipanga mlima wa Salgaa, matatu zina-ovateki kwa kona juu dereva amechoka kukaa nyuma ya trela, na Juni 2023 pale junction ya Londiani lori lilivamia wachuuzi na watu waliokuwa kando ya barabara, zaidi ya 50 wakafa. Kwa hivyo mtu akisema kila mwaka tunaochelewa kuna familia zinazika, anasema ukweli.

Lakini hebu tuangalie nani alichelewesha. Mkataba wa kwanza ulitiwa saini Paris mwaka wa 2020 na kampuni za Ufaransa zikiongozwa na Vinci, ukakaa miaka, halafu serikali yenyewe ikaanza kusema masharti ni makali na ada ya kupita itakuwa juu sana, 2025 ukafutwa, na fidia ya zaidi ya bilioni 6 ikawekwa juu ya mlipa ushuru kwa barabara ambayo wakati huo haikuwa imepanuliwa hata kilomita moja. Haya masharti si yalikuwa kwa karatasi tangu siku ile ya saini? Mtu angeyasoma wazi mbele ya Bunge na mbele yetu 2020, tungekuwa tumebishana miezi kadhaa, pengine mwaka, halafu kazi ianze. Badala yake tulipoteza miaka mitano na pesa juu.

SGR, ile reli ya kisasa, nayo ndio inaniuma zaidi, juu iko na kila kitu. Kampuni ya China, CRBC, ndio ilifanya ule utafiti wa kwanza wa kuangalia kama reli itafaa, ikaufanya bure, halafu hiyo hiyo ndio ikapewa kujenga bila tenda ya ushindani. Ni sawa na fundi akwambie ukuta wako lazima ubomolewe, na huyo huyo umpe kazi ya kujenga mpya kwa bei yake, bila kuuliza fundi mwingine. Mombasa hadi Nairobi ikala kama bilioni 327, treni ikaanza 2017. Okiya Omtatah, ambaye sasa ni seneta wa Busia, pamoja na chama cha mawakili walikuwa wameenda kortini tangu 2014. Mahakama ya Rufaa ikasema 2020 kwamba sheria ya ununuzi haikufuatwa, Mahakama ya Juu ikasema 2023 hapana, ilikuwa makubaliano ya serikali kwa serikali kwa hivyo sheria hiyo haikuihusu. Ukikubali upande huu ama ule, angalia tarehe. Jibu la mwisho lilikuja miaka sita baada ya treni kuanza kubeba abiria, na sehemu ya mikataba ya mkopo tuliiona Novemba 2022 wakati Murkomen, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, aliiweka wazi, miaka minane baada ya kusainiwa. Reli yenyewe iliishia Suswa 2019 baada ya China kukataa kutoa pesa za kuifikisha Kisumu.

Sasa wale wanaopinga uangalizi mwingi wana hoja moja nzito ambayo watu wa haki za raia hawapendi kuigusa. Kamati za Bunge si malaika. Kuna wakati mradi unaitwa mbele ya kamati hii, kesho ile, na kila mtu akijua kuna mahali bahasha inangojewa, na kesi nazo zinaweza kusimamisha mashini site huku kontrakta anahesabu siku ili adai fidia na riba ya mkopo inaendelea. Hiyo ni gharama na tunailipa sisi. Mkaguzi Mkuu naye anaandika ripoti nzuri kabisa lakini anaandika pesa zikishatumika, atakwambia shimo liko wapi na huwezi kulifukia. Mi naona hoja hii inatuonyesha wakati wa kukagua, haituambii tukague kidogo. Ukaguzi mkali ufanywe kabla ya saini, kwa muda unaojulikana, ukiisha umeisha na mashini isisimamishwe ovyo.

Na saa hii kuna mambo mawili bado yako moto. Hii barabara mpya imepewa CRBC wakiwa pamoja na NSSF, na Shandong Hi-Speed, kampuni nyingine ya China, upande wetu wa kutoka Gilgil kupitia Nakuru hadi Mau Summit. NSSF ni pesa ya uzeeni ya askari wa geti Naka na msichana wa kuchuma maua Naivasha. Magari yasipopita vile walihesabu, nani anabeba hasara? Ada imetajwa shilingi 8 kwa kilomita kwa gari dogo, kwa kilomita 175 hiyo ni 1,400 kwenda tu, na barabara zote mbili za kwenda Naivasha, ya juu ya Kinungi na ya Mai Mahiu, ziko ndani ya mradi, kwa hivyo mwenye hawezi kulipa apitie wapi? Hilo linafaa kujibiwa kwa kifungu cha mkataba, kwa mkutano wa hadhara maneno matamu hayatoshi.

Ya pili ni kuendeleza SGR kutoka Naivasha kupitia Kisumu hadi Malaba. Ile levy ya reli imekuwa ikikatwa kwa bidhaa za kutoka nje tangu 2013, kwa hivyo mama wa mitumba soko la Kibuye, Kisumu, amelipia SGR miaka hiyo yote na treni hajaiona, na sasa levy hiyo hiyo ndio inatumika kukopa pesa za kuendelea. Wabunge wa Nyanza na Western najua wanaitaka hii reli, hata mi naitaka. Waitishe kwanza mkataba, na hesabu ya mzigo iliyofanywa na mtu ambaye hatajenga, zote ziwekwe mezani Kisumu, Kakamega na Busia kabla senti moja ya mkopo haijatoka.