Diogo Ribeiro: dhahabu za Doha ni za kweli au wakali walikaa nyumbani?

Kuna watu ukiwatajia Diogo Ribeiro, muogeleaji wa Ureno, wanakujibu kitu kimoja tu, "yule aliyeshinda Doha wakati wakali hawapo". Ni kweli kwa kiasi chake. Mashindano ya dunia ya kuogelea ya Doha yalipigwa Februari 2024, miezi mitano tu kabla ya Olimpiki ya Paris, mastaa wengi wakaona bora wabaki mazoezini, Wamarekani wenyewe walipeleka kikosi chembamba. Dogo akajibebea dhahabu 2, mita 50 na mita 100 kipepeo (ule mtindo wa kurusha mikono yote miwili kwa pamoja), Mreno wa kwanza kabisa kuwa bingwa wa dunia wa kuogelea, akiwa na miaka 19.

Sasa wanaombeza wana hoja, tena nzito. Mita 100 alishinda kwa sekunde 51.17. Paris Kristóf Milák wa Hungaria kachukua dhahabu kwa 49.90, na shaba ikaenda kwa 50.45, yaani kwa muda ule wa Doha medali angeiona kwenye tivii. Na kweli Paris hakufika fainali hata moja.

Ila mimi naona watu wanaangalia medali isiyo yenyewe. Rudi mashindano ya dunia ya Fukuoka 2023, mita 50 kipepeo, wakali karibu wote wapo. Pale hakuna kugeuka wala kujipanga, ni urefu mmoja wa bwawa na mikono yote miwili iguse ukuta kwa pamoja, ukikosea mguso umeisha. Thomas Ceccon wa Italia alishinda kwa sekunde 22.68, Ribeiro 22.80, Maxime Grousset wa Ufaransa 22.82. Huyo Grousset ndiye aliyebeba dhahabu ya mita 100 kwenye mashindano hayohayo! Halafu dhahabu ya Doha dogo kaipata kwa 22.97, kwahiyo medali yake ya fedha ya Fukuoka ilikuwa na kasi kuliko dhahabu yake, lakini aliyepata jina ni yule wa Doha.

Hapo ndo tatizo lilipoanzia nadhani. Ureno ni nchi ya mpira, hata yeye anaogelea chini ya Benfica, klabu inayojulikana kwa mpira, na kwenye Olimpiki Mreno aliyewahi kufika fainali ya bwawani ni Alexandre Yokochi mwaka 1984, akamaliza wa 7. Nchi kama hiyo ikipata bingwa wa dunia ghafla inataka medali ya Paris, nani atakaa kuuliza kama mita 50 kipepeo ipo kwenye ratiba? Haikuwepo. Walimpeleka vitani bila silaha yake kisha wakashangaa.

Simtetei kwa kila kitu, mita 100 bado ana kazi kubwa, zile 50 za mwisho ndo zinaonyesha nani kafanya mazoezi ya pumzi. Ila Los Angeles 2028 mita 50 kipepeo imeingizwa, atakuwa na miaka 23, na safari hiyo hakuna mkali atakayebaki nyumbani kwa hiari yake.