Mzee Capulet na siku moja iliyopotea

Waulize watu waliosoma Romeo na Juliet, tamthilia ya Shakespeare, nani aliwaua wale vijana wawili. Wengi watakujibu papo hapo: wazazi. Wana pa kushikia. Shairi la ufunguzi linasema ugomvi wa wazee ulizikwa na watoto wao, na mwishoni mtawala wa Verona, Escalus, anawaita Capulet, baba wa Juliet, na Montague, baba wa Romeo, waione adhabu iliyoishukia chuki yao. Sibishi. Bila uhasama ule kusingekuwa na ndoa ya siri ya Romeo na Juliet, wala Mercutio, rafiki wa Romeo, asingechomwa upanga mchana wa Jumatatu. Ninachokataa ni kumgeuza mzee Capulet kuwa baba katili anayemtupa binti kwa tajiri wa kwanza kubisha hodi.

Mwanzoni Paris, kijana wa ukoo wa mtawala, anapokuja kuposa, mzee anamwambia mtoto bado hajafika miaka 14, asubiri viangazi viwili vipite, tena aitafute kwanza ridhaa ya Juliet mwenyewe. Usiku huo Tybalt, binamu wa Juliet, anamwona Romeo kajipenyeza karamuni kwa mzee na anataka damu. Mzee anamzuia na kusema Verona nzima inamsifu kijana yule. Ni kweli asubuhi ya siku hiyohiyo aliitisha upanga wake aingie kwenye vurugu, hadi mkewe akamwambia anachohitaji ni mkongojo. Chuki ilikuwepo, ila ilishazeeka kama yeye.

Kisha Romeo anamuua Tybalt na kufukuzwa Verona, anakwenda Mantua. Nyumba ina msiba, binti analia usiku kucha, na baba anaamini analia kwa ajili ya binamu yake. Anaamua harusi ndiyo itakayomtoa kwenye majonzi. Anataja Jumatano, anajirudi mwenyewe kwamba ni mapema mno, anasema basi Alhamisi. Hajui kwamba mtoto kaolewa mchana wa siku hiyohiyo. Watu wazima wawili wanajua: yaya na Padri Laurence aliyewafungisha.

Juliet anapokataa, mzee analipuka: kajinyonge, kaombe, ufe njaa, ufie barabarani. Hapo simtetei, maneno yale hayafutiki. Lakini yaya alikuwa chumbani humo. Alimkemea bwana wake kwa kumfokea mtoto, ila neno moja ambalo lingesimamisha harusi, yaani "ana mume", hakulitoa. Mtu atasema lingemponza Juliet, maana mume mwenyewe ndiye aliyemuua Tybalt. Huenda. Badala yake akamshauri msichana aolewe tu na Paris, na hapo ndipo Juliet alipobaki peke yake kabisa.

Sasa tuje kwenye siku ninayoilalamikia. Mpango wa padri ulikuwa Juliet anywe dawa usiku wa Jumatano, alale kama maiti saa 42, na barua imwite Romeo kutoka Mantua. Ili mpango uende, padri alimwagiza arudi nyumbani na uso wa furaha, akubali. Jumanne Juliet akapiga magoti mbele ya baba yake na kuomba radhi. Mzee wa watu akafurahi kupita kiasi! Akaivuta harusi hadi kesho yake, Jumatano ileile aliyoiona mapema mno. Mkewe akamwambia vyakula havitatosha. Akamjibu asijali, yeye atakesha na kuwa mama wa nyumba kwa usiku mmoja. Akakesha kweli, anahimiza mapishi, hadi yaya akamtania aache kazi za wanawake akalale. Basi dawa ikanywewa usiku wa Jumanne, na siku moja ikapotea kwa sababu baba aliamini uongo aliotungiwa na padri.

Na siku hiyo ilikuwa na thamani. Barua alipewa mtawa John. Alipomfuata mwenzake aliyekuwa akitembelea wagonjwa, maofisa wa mji walishuku tauni wakaifunga nyumba na wao wakiwa ndani. Barua haikutoka Verona. Alipofunguliwa na kumfikia Laurence, zilikuwa zimebaki saa tatu Juliet aamke. Dawa ingenyweka usiku wa Jumatano kama ilivyopangwa, zingebaki saa 27 hivi: nafasi ya kutosha kutuma mtu mwingine.

Mtu mwingine alikuwepo, tena aliahidiwa. Padri mwenyewe, akimuaga Romeo, alisema habari njema zote zitapelekwa na mtumishi wa Romeo. Mtumishi huyo, Balthasar, hakuambiwa chochote. Alimwona Juliet akilazwa kaburini kwa macho yake, akapanda farasi. Kule Mantua Romeo anamuuliza kama ana barua ya padri, na baada ya kusikia msiba anauliza tena. Hana. Romeo akanunua sumu, akaenda kujiua kaburini akidhani mkewe amekufa.

Padri naye ana utetezi wake. Aliwafungisha ndoa akitumaini itazipatanisha nyumba mbili, na mwishoni anakiri yote na kuutoa uhai wake uhukumiwe. Lakini aliposikia walinzi wanakuja alikimbia kaburini, akamwacha msichana wa miaka 13 na maiti ya mumewe. Katika shairi la 1562 ambalo Shakespeare alilitumia, yaya anafukuzwa mji, muuza sumu ananyongwa, padri anaachiwa. Katika tamthilia, Escalus anasema tu kwamba amejulikana siku zote kuwa mtu wa Mungu.

Capulet anapata habari ya ndoa pale kaburini. Neno lake la kwanza kwa Montague baada ya hapo ni kumwita ndugu, amwombe mkono: hiyo ndiyo mahari ya binti yangu, sidai zaidi.